Ulizo Lilelile, Kasi Mbili: Jinsi Hifadhidata Inavyochagua Njia

Ulizo linalotumwa kwenye hifadhidata huweza kujibiwa asubuhi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha jioni likachukua dakika nzima, ilhali hakuna herufi iliyobadilishwa kwenye programu wala kifaa kilichoharibika. Hali hii huwatesa wanaoendesha mifumo ya malipo, hospitali na shule kwa sababu haina dalili za wazi. Mtandao uko sawa, seva inafanya kazi, na watumiaji wengine hawana malalamiko. Wengi huishia kuizima seva na kuiwasha upya, na kwa kuwa wakati mwingine kasi hurudi, sababu hubaki palepale ikisubiri siku nyingine. Kuyumba huko si bahati nasibu. Kabla ya kujibu ulizo, injini ya hifadhidata huchagua njia ya kuzifikia data, na huichagua kwa makadirio. Makadirio yakikosea, kasi huporomoka. Habari njema ni kwamba makadirio hayo yanaweza kusomwa, kupimwa na kusahihishwa.

Uhuru huo wa injini kujichagulia njia ulikusudiwa. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mtafiti wa IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyopendekeza data ziwekwe kwenye majedwali na mtumiaji aeleze anachokitaka tu, bila kueleza namna ya kukipata. Kabla ya hapo mwandishi wa programu alilazimika kujua data zimepangwaje na kuzifuata hatua kwa hatua. Mpangilio ukibadilika, programu nayo inaharibika. Wazo la Codd lilizaa swali gumu: kama mtumiaji haelezi njia, nani ataiamua? Jibu lililodumu lilitoka kwenye System R, mradi wa IBM hukohuko San Jose. Mwaka 1979 Patricia Selinger na wenzake walieleza programu inayoorodhesha njia zinazowezekana, inayokadiria gharama ya kila moja, kisha inachukua ile yenye gharama ndogo. Mafundi huiita optimaiza. Imeboreshwa sana tangu wakati huo, lakini msingi wake ndio unaotumika hadi leo katika Oracle, SQL Server, MySQL na PostgreSQL. Mifano mingi inayofuata ni ya PostgreSQL, injini iliyozaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika miaka ya 1980, kwa kuwa hesabu zake ziko wazi kwa yeyote anayetaka kuzikagua.

Faharasa ipo, mbona haitumiki?

Faharasa ya hifadhidata hufanana na ile iliyo mwishoni mwa kitabu: thamani zimepangwa kwa utaratibu, na kila moja inaonyesha ukurasa ilipo rekodi yake. Umbo linalotumika zaidi, mti-B, lilibuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight walipokuwa watafiti katika kampuni ya Boeing, na makala yao ilitoka katika jarida mwaka 1972. Kila ukurasa wa mti huo hubeba mamia ya vielekezi, hivyo rekodi moja kati ya milioni 10 hupatikana kwa hatua tatu au nne. Ndiyo maana watu hudhani kwamba faharasa ikishawekwa, injini haina budi kuitumia. Hesabu fupi inaonyesha kwa nini sivyo.

Chukua jedwali la malipo lenye rekodi milioni 10. PostgreSQL huhifadhi data katika kurasa za kilobaiti 8. Kila ukurasa ukibeba rekodi 80, jedwali lote lina kurasa 125,000, takribani gigabaiti moja. Ulizo likitaka rekodi moja, faharasa haina mpinzani. Likitaka asilimia 1, yaani rekodi 100,000 zilizotawanyika ovyo, kurasa zitakazoguswa ni takribani 69,000, zaidi ya nusu ya jedwali, kwa sababu katika kila kundi la rekodi 80 kuna uwezekano mkubwa kwamba angalau moja inatakiwa. Kwa mipangilio ya awali, PostgreSQL huhesabu pointi 4 kwa kila ukurasa unaosomwa kwa kurukia na pointi 1 kwa kila ukurasa unaosomwa kwa mfululizo. Kurasa 69,000 mara 4 ni pointi 276,000. Kusoma jedwali zima ni pointi 125,000, ukiacha gharama za kukagua kila rekodi. Faharasa imeshindwa, na imeshindwa kihalali. Kuna pia njia ya kati: injini hukusanya kwanza anwani za kurasa zote zinazohitajika, huzipanga, kisha huzisoma kwa kwenda mbele tu. Katika mfano huu, kwa pointi za kurasa pekee, njia hiyo ingekaribiana sana na kusoma jedwali zima.

Sasa rekodi 100,000 hizohizo ziwe za siku chache zilizopita. Ziliingia kwa kufuatana, zimekaa pamoja, na kurasa zake ni kama 1,250 tu. Hapo faharasa inakuwa bora tena, ingawa idadi ya rekodi haikubadilika. PostgreSQL hufuatilia pia jambo hili, yaani ni kwa kiasi gani mpangilio wa thamani unalingana na mpangilio wa rekodi kwenye diski.

Ulizo linaloyumba mara nyingi ni lile lililo mpakani, ambapo njia mbili zinakaribiana gharama na badiliko dogo linatosha kulihamisha upande wa pili. Kuhama kwenyewe hakuna ubaya, kwani njia mbili zenye gharama sawa kweli huchukua muda sawa. Maumivu huja pale gharama zinapofanana kwenye hesabu tu huku moja ya hesabu hizo ikiwa si kweli.

Inafaa pia kutaja mkanganyiko mmoja unaopoteza muda wa watu wengi. Mwandishi wa programu huweka faharasa kwenye kompyuta yake, ambako jedwali lina rekodi hamsini za majaribio, kisha hushangaa kuona injini inaipuuza. Rekodi hamsini zinaenea kwenye ukurasa mmoja au kurasa mbili. Kuzisoma zote ni rahisi kuliko kupitia kitu kingine kwanza. Jaribio la aina hiyo halisemi lolote kuhusu jedwali la mamilioni.

Makadirio yanatoka wapi

Injini haiwezi kuhesabu rekodi kabla ya kila ulizo, maana kuhesabu kwenyewe ni kazi ileile inayotaka kuepukwa. Hutegemea takwimu zilizokusanywa mapema. Amri ya ANALYZE katika PostgreSQL huchukua sampuli ya rekodi 30,000 kwa mipangilio ya awali, iwe jedwali lina laki moja au milioni mia. Kutokana na sampuli hiyo huandikwa, kwa kila safu, thamani zinazojirudia zaidi hadi 100 pamoja na uwiano wake, mgawanyo wa thamani zilizobaki, na makisio ya idadi ya thamani tofauti.

Takwimu hizi huchakaa. PostgreSQL huzikusanya upya yenyewe baada ya mabadiliko 50 kujumlisha asilimia 10 ya jedwali. Kwa rekodi milioni 10, hiyo ni zaidi ya mabadiliko milioni moja. Jedwali linalopokea malipo 50,000 kwa siku litakaa takribani siku 20 bila kupimwa upya, na wakati huo aina mpya ya malipo au tawi jipya linaweza kuwa halimo kabisa katika takwimu. Hatari ni kubwa zaidi kwa kazi za usiku: data nyingi zikipakiwa saa nane usiku na ripoti ikaanza dakika moja baadaye, optimaiza huamua kwa picha ya jedwali kama lilivyokuwa jana. Majedwali ya muda, yale yanayoundwa na kufutwa ndani ya kikao kimoja, hayafikiwi kabisa na huduma hiyo ya kujiendesha, kwa hiyo anayeyajaza ndiye anayepaswa kuendesha ANALYZE.

Kosa jingine hubaki hata takwimu zikiwa za leo. Optimaiza huchukulia kwamba safu mbili hazihusiani mpaka iambiwe vinginevyo. Jedwali likiwa na safu ya mkoa na safu ya wilaya, na asilimia 5 ya rekodi zikiwa za Tanga na nusu ya asilimia 1 zikiwa za Lushoto, ulizo la “mkoa ni Tanga na wilaya ni Lushoto” hukadiriwa kwa kuzidisha viwango hivyo viwili: rekodi 2,500 katika milioni 10. Lakini Lushoto yote iko Tanga. Idadi halisi ni 50,000, mara 20 ya makadirio. Tangu toleo la 10 la mwaka 2017, PostgreSQL ina amri ya CREATE STATISTICS inayoifundisha injini kuwa safu fulani zinaambatana. Ni chombo kinachostahili kutumiwa zaidi ya kinavyotumiwa sasa.

Majedwali yanapounganishwa, kosa la hatua ya kwanza huingia kwenye hesabu ya pili, na la pili kwenye ya tatu. Mwaka 2015 Viktor Leis na wenzake walizipima injini kadhaa, PostgreSQL ikiwamo, kwa kutumia data halisi za filamu kutoka IMDb. Waliona makadirio yakipotoka kwa mamia na maelfu ya mara kadiri majedwali yanavyoongezeka, na kwamba injini huelekea kukisia rekodi chache kuliko zilizopo. Upande huo wa kosa ndio mbaya zaidi. Injini inayotegemea rekodi 12 itaona ni nafuu kwenda kwenye jedwali la pili mara 12, rekodi moja baada ya nyingine. Rekodi zikiwa 480,000, itakwenda mara 480,000, ilhali kuyasoma majedwali yote mawili mara moja kungemaliza kazi mapema.

Thamani inayoingia

Sababu inayofanana zaidi na uchawi ni ile ya parameta. Programu nyingi hutuma ulizo lenye nafasi tupu, kisha hujaza thamani wakati wa kuliendesha: “leta malipo yote yenye hali hii.” Kama asilimia 98 ya malipo yamekamilika na machache mno yamekwama, njia bora kwa “yaliyokwama” ni faharasa, na njia bora kwa “yaliyokamilika” ni kusoma jedwali zima. Ulizo ni moja, njia sahihi ni mbili. Injini inayohifadhi mpango mmoja, yaani njia iliyokwisha kuchaguliwa, kwa thamani zote itamkwaza mmoja wa waulizaji.

SQL Server hutengeneza mpango kwa kuangalia thamani ya kwanza iliyoingia, kisha huutumia kwa zinazofuata. Kwa hiyo kasi ya siku nzima huweza kutegemea nani alitangulia asubuhi, na hapo ndipo ilipo siri ya kuzima na kuwasha: mpango wa zamani umefutika, mwingine umetengenezwa kwa thamani nyingine. Oracle ilikumbana na tatizo hilohilo na kuanzia toleo la 11g ikaanza kuweka mipango kadhaa kwa ulizo moja. SQL Server nayo ilipata uwezo wa namna hiyo katika toleo la 2022. PostgreSQL hufuata utaratibu wake: ulizo lililotayarishwa hupata mpango mpya mara tano za mwanzo, kisha injini hulinganisha wastani wa gharama zake na gharama ya mpango wa jumla usiojali thamani. Wa jumla ukionekana hauna gharama kubwa zaidi, ndio unaoshika. Dalili yake ni ya pekee: ulizo huenda vizuri mara tano, mara ya sita linaburuza, na kwa kawaida halirudi tena kwenye kasi yake mpaka muunganisho ufungwe. Toleo la 12 la mwaka 2019 liliongeza mpangilio wa plan_cache_mode, unaoiwezesha programu kudai mpango mpya kila mara.

Mtego mwingine uko kwenye maulizo ya “20 za mwisho”, yanayopatikana karibu katika kila kioo cha simu. Ulizo linataka malipo 20 ya karibuni ya wakala mmoja mkubwa aliyewahi kufanya malipo 100,000. Optimaiza hufikiri: malipo yake ni asilimia 1 ya jedwali, basi nikianzia tarehe ya leo kurudi nyuma nitakuta 20 baada ya kupita kama rekodi 2,000. Kwa wakala anayefanya kazi, hesabu hiyo ni sahihi na jibu huja mara moja. Kwa wakala aliyefunga biashara mwaka 2021, injini itapita mamilioni ya rekodi za wengine kabla ya kufikia ya kwanza ya kwake. Takwimu hazina habari kwamba malipo yake yote yako upande mmoja wa kalenda. Dawa ni faharasa moja yenye safu mbili, wakala kwanza na tarehe baadaye, ili malipo ya kila wakala yakae pamoja yakiwa yamepangwa. Mpangilio wa safu hizo una maana kubwa: tarehe ikitangulia, tatizo hubaki.

Kufuatilia sababu

Hatua ya kwanza ni kutenga mambo mawili: je, njia imebadilika, au njia ni ileile lakini safari imekuwa nzito? Njia ileile huweza kuchelewa kwa sababu kurasa zake zimetolewa kwenye kumbukumbu ya seva na sasa zinasomwa kutoka diski, au kwa sababu kikao kingine kimeshika kufuli, au kazi ya kunakili data za akiba imeanza kwa wakati huo. Hayo hayaponywi kwa faharasa.

Kwa kuanzia, nyongeza ya PostgreSQL iitwayo pg_stat_statements huonyesha kwa kila ulizo muda wa wastani, wa chini, wa juu, na kiwango cha kutawanyika kwa muda huo. Ulizo lenye wastani mdogo na mtawanyiko mkubwa ndilo linaloyumba. Nyongeza nyingine, auto_explain, huandika kwenye kumbukumbu za matukio mpango uliotumika kila ulizo linapopita muda uliowekwa. Hii ina thamani kubwa, maana ulizo linaloyumba lina tabia ya kwenda vizuri pale fundi anapolijaribu kwa mkono.

Kisha huja EXPLAIN yenye ANALYZE na BUFFERS. Kila hatua ya mpango huonyeshwa ikiwa na rekodi zilizokadiriwa, rekodi zilizopatikana kweli, na kurasa zilizokutwa kwenye kumbukumbu au kuletwa kutoka nje yake. Msomaji mzoefu haanzii juu kwenye muda wa jumla. Hushuka hadi hatua za ndani kabisa na kutafuta mahali pa kwanza ambapo makadirio na uhalisia vinaachana, kwa kuwa yote yaliyo juu ya hapo yamejengwa juu ya kosa hilo. Idadi huandikwa kwa kila mzunguko mmoja, hivyo hatua inayosema rekodi 3 katika mizunguko 160,000 imebeba rekodi 480,000. Tahadhari moja haifai kusahauliwa: amri hii huliendesha ulizo kweli. Ikiwekwa mbele ya DELETE, rekodi zitafutwa, isipokuwa kazi imefungwa ndani ya muamala utakaotenguliwa.

Makadirio na uhalisia vikikubaliana na bado ulizo ni zito, huenda faharasa inayofaa haipo, au ipo lakini imezibwa na namna ulizo lilivyoandikwa. Kutafuta jina baada ya kulibadilisha kuwa herufi ndogo hakuwezi kutumia faharasa ya jina lenyewe. Inahitajika faharasa ya jina lililokwisha kubadilishwa. Katika MySQL, namba ya simu iliyohifadhiwa kama maandishi ikilinganishwa na tarakimu zisizo na alama za nukuu, faharasa huachwa kimyakimya na jedwali lote husomwa. Alama mbili za nukuu zinatosha kulirekebisha.

Tiba na gharama zake

Takwimu ndizo za kuanza nazo, kwa kuwa hazina madhara: kuendesha ANALYZE baada ya kupakia data, kuteremsha kiwango cha asilimia 10 kwa majedwali makubwa, na kuongeza ukubwa wa sampuli kwa safu zenye mgawanyo usio sawa. Baada ya hapo huangaliwa bei zenyewe. Zile pointi 4 za kurukia ziliwekwa kwa diski zinazozunguka: kurukia kulichukuliwa kuwa ghali mara 40, huku asilimia 90 ya kurasa zikitegemewa kukutwa kwenye kumbukumbu. Kwa diski za SSD mwongozo wa PostgreSQL wenyewe unataja 1.1 kama mfano wa thamani inayofaa, na seva nyingi zinazokataa faharasa bila sababu hupona kwa badiliko hilo moja.

Kulazimisha njia kunawezekana. Oracle ina vidokezo ndani ya ulizo, MySQL ina FORCE INDEX, na SQL Server tangu toleo la 2016 hutunza historia ya mipango na kuruhusu mpango mzuri ubanwe. PostgreSQL imekataa makusudi kuweka vidokezo katika injini yake, ingawa nyongeza ya pg_hint_plan inavileta. Usiku wa dharura, huku wateja wanasubiri, kubana mpango ni uamuzi wa busara. Kuuacha umebanwa kwa miaka ni kuitaka injini ifuate njia iliyofaa jedwali la zamani.

Faharasa mpya nayo ina gharama. Kila rekodi inayoingia lazima iandikwe kwenye kila faharasa ya jedwali hilo, na jedwali lenye faharasa kumi na mbili hulipa kila malipo yanapopokelewa. PostgreSQL huhesabu ni mara ngapi kila faharasa imetumika, kwenye pg_stat_user_indexes. Iliyokaa miezi kwenye sifuri, na ambayo hailindi upekee wa thamani, inafaa kuondolewa. MySQL 8.0 inaruhusu kuificha kwanza machoni pa optimaiza ili kuona kama kuna atakayelalamika. Inapolazimu kuunda mpya kwenye mfumo unaotumika, neno CONCURRENTLY katika PostgreSQL huifanya kazi ichukue muda mrefu zaidi lakini bila kuwazuia wanaoandika.

Wakati wa kuhamia toleo jipya la PostgreSQL, mpaka toleo la 17 zana ya pg_upgrade haikuhamisha takwimu. Hifadhidata iliamka ikiwa haijui lolote kuhusu data zake, na maulizo yaliyokuwa mepesi Ijumaa yaliburuza Jumatatu mpaka ANALYZE ilipomalizika. Toleo la 18 la mwaka 2025 huhamisha takwimu za kawaida za safu. Zile za safu zinazoambatana, zilizoundwa kwa CREATE STATISTICS, bado hazihamishwi katika toleo hilo, na hukusanywa upya kwa mkono mara baada ya kuhama.